Brekeri inayochoka saa nne asubuhi: kisa cha pampu iliyosingiziwa

Nianze na simu yenyewe maana ndo mambo yalipoanzia. Jumapili usiku bosi mmoja mwenye machimbo ya kokoto kule Lugoba, ukishapita Chalinze kama unaelekea Segera, ananipigia ananiambia fundi nina ekskaveta ya tani 20 imekufa pampu, nimeshaulizia Dar naambiwa milioni 11, tena used, sasa kabla sijatoa hela nimesikia wewe una geji ya kupimia presha, njoo uipime uniambie kama kweli imekufa. Nikamuuliza imekufaje. Akasema asubuhi na brekeri, ile nyundo ya haidroliki ya kuvunjia mawe, inapiga mawe vizuri tu, ikifika saa nne inaanza kulegea, saa tano tenki la haidroliki huwezi kuliwekea kiganja, saa sita opareta anazima anaenda kukaa chini ya mti mpaka ipoe.

Nikamuuliza tena, na ukifunga baketi je? Ikawa kimya kidogo. Akasema aah, na baketi haina shida, inachimba siku nzima.

Mi hapo hapo nikaanza kuitoa pampu kwenye lawama. Pampu haijui mbele umefunga nini, yenyewe inasukuma oili tu. Ni kweli pampu iliyochoka inaweza kujificha oili ikiwa baridi, ikaja kujulikana oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, lakini mashine inayochimba na baketi juani kutwa nzima bila kulia, halafu inakufa masaa matatu tu ikifungwa brekeri, hiyo shida iko kwenye njia ya brekeri. Sikumwambia yote hayo kwenye simu, nikamwambia usinunue chochote, nakuja kesho.

Jumatatu saa mbili niko site. Opareta ni mzee wa makamo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, afu kabla hata sijaweka begi chini akaanza: hii mashine tangu waifunge hilo nyundo haijawahi kupiga siku nzima hata moja. Hilo neno "tangu" likanikaa kichwani. Yaani hakuna siku ilikuwa nzima ikaharibika. Ilifungwa vibaya kuanzia siku ya kwanza na watu wakakaa wiki tatu wanatafuta kilichoharibika.

Historia yake ni hivi. Mashine imetoka Japani ikiwa used, na imekuja na laini za ziada tayari, yale mabomba mawili yanayopanda na bumu, ule mkono mkubwa unaotoka kwenye mashine, mpaka kwenye mkono wa mbele, kila moja lina koki yake mwishoni. Kwenye kabini ina vyuma vya kinga mbele na juu, ukiona hivyo jua huko ilikotoka ilikuwa ya kubomoa majengo, na kubomoa majengo kule mara nyingi ni mkasi, ile midomo miwili ya kutafuna zege. Monita yake imeandikwa Kijapani kitupu. Kwa miezi kadhaa hapa ilichimba na baketi, laini za ziada hazikuguswa. Kisha bosi akapata brekeri kwa mtu, ya chiseli (ile ncha ya chuma inayopiga jiwe) yenye unene wa milimita 140, saizi sahihi kabisa kwa tani 20, fundi wa kwanza akaja akaunganisha hozi mbili, akafungua koki, opareta akakanyaga pedali, ikapiga tatatata, wote wakashangilia, fundi akalipwa akaondoka. Ilivyoanza kuchoka akaitwa fundi wa pili. Huyu nitamrudia.

Sasa nisimame kidogo hapa kwa wale ambao wameendesha haya madude miaka lakini hakuna aliyewahi kuwaeleza kinachopita kwenye yale mabomba mawili. Kila kifaa unachofunga mbele kina maswali matatu. Kinataka lita ngapi kwa dakika, kinafanya kazi kwa presha gani, na oili ikishatumika inarudi wapi. Watu wengi wanauliza la pili tu, presha, maana ndo neno tamu. Presha lakini haitoki kwenye pampu, inaletwa na kazi. Chiseli ikikutana na jiwe gumu presha inapanda, ikiwa hewani inashuka. Kinachotoka kwenye pampu ni flo, zile lita. Na ekskaveta ya tani 20 ina flo nyingi sana kuliko brekeri inavyohitaji, chukua mfano wa Komatsu PC200-8, pampu zake mbili kwa pamoja zinafika lita 439 kwa dakika, wakati brekeri ya chiseli ya 140 kibati chake kinakuambia lita 120 hadi 180 na presha ya kazi bar 160 hadi 180. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ukifunga kitu mbele ni kuibana mashine.

Na hilo la tatu, la kurudi, ndo hili lililotutesa. Mkasi, au makucha ya kubebea mawe, una silinda inayofunguka na kufunga, kwa hiyo oili inaenda kwa bomba la kushoto na kurudi kwa la kulia, ukibadilisha inaenda kwa la kulia na kurudi kwa la kushoto, na inarudi kupitia valvu kubwa ya mashine, ile inayogawa oili kwa silinda zote, kama silinda nyingine yoyote. Hiyo ni njia mbili. Brekeri ni njia moja. Oili inaingia upande mmoja siku zote na kutoka upande mmoja siku zote, na hicho kinachotoka kinatakiwa kiende tenki moja kwa moja, kupitia filta na rejeta ya oili basi, bila kupita kwenye vijinjia vya valvu kubwa. Kwa nini? Kwa sababu pistoni ya brekeri ikipanda na kushuka inasukuma oili mbele yake itoke, mara mia kadhaa kwa dakika, na kama huko mbele kuna kizuizi ni sawa na kumwambia mtu atwange kinu huku umemshikilia mchi. Pigo linapungua nguvu, mapigo yanapungua kasi, na ile nguvu iliyopotea haijapotea, imegeuka joto.

Ukifunga kitu chenye mota inayozunguka, kama drili ya kuchimbia mashimo ya nguzo, hapo kuna bomba la tatu jembamba la kutolea oili inayovuja ndani ya mota, nalo linaenda tenki kavu kavu. Ukilichomeka kwenye laini ya kurudi sili ya shafti inatoka siku hiyo hiyo. Lakini hiyo siyo kesi yetu leo.

Nikaanza na pampu, si kwa sababu niliishuku, bali kwa sababu bosi kasimama pale mikono nyuma anasubiri kusikia habari ya pampu. Geji ya bar 600 kwenye tundu la kupimia, resi juu, baketi (tulikuwa tumeirudisha kwa kipimo hiki) ikakunjwa mpaka mwisho na kushikiliwa. 345. Tukaichosha nusu saa, ikapata moto, tukapima tena, 340. Nikamwita bosi aje aangalie mshale mwenyewe. Pampu iliyokufa si rahisi ikupe 340 oili ikiwa ya moto. Akaangalia, akatikisa kichwa, akasema kumbe nilikuwa naenda kutupa milioni 11. Nikamwambia bado hatujajua shida ni nini, ila hiyo pesa irudishe mfukoni.

Kabla hatujafungua laini ya brekeri kuna kitu kilitokea ambacho sikukipenda. Dogo mmoja wa spana, kijana mzuri tu mchapakazi, aliona hozi inatoa unyevu pale kwenye nati, mashine ikiwa inaunguruma, akanyoosha kiganja kutafuta inapotokea. Nilimpigia ukelele mpaka akaruka. Oili ya haidroliki ikitoka kwenye tundu dogo kama la sindano inaingia ndani ya nyama bila wewe kusikia maumivu makubwa, kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba, na ndani mkono unaoza. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, ni ya kupasuliwa, siyo ya kupaka spiriti. Kipande cha boksi ndo kinatafuta uvujaji, siyo kiganja. Na kabla ya kufungua nati yoyote unashusha kila kitu chini, unazima injini, unarudisha swichi on bila kuwasha, unachezesha vijiti na pedali ya brekeri mara kadhaa, unafungua mfuniko wa tenki pole pole utoe hewa. Tulifanya hivyo mbele ya dogo, nikamwambia yeye ndo afungue.

Haya, brekeri ikarudi mbele. Nikaweka geji mbili. Kubwa kwenye laini ya kupeleka, na ndogo ya bar 100 kwenye laini ya kurudi, pale hozi inapotoka kwenye brekeri. Wengi hawaweki ya kurudi. Nimekutana na mafundi wazuri wenye vifaa kamili ambao hawajawahi kupima laini ya kurudi hata mara moja maishani, maana kimazoea laini ya kurudi "haina presha". Geji iwe ya gliserini, la sivyo ule mdundo wa brekeri unauvunja mshale dakika moja. Na kulikuwa na kipima flo nilichoazima kwa rafiki yangu Dar, hicho tulikifunga peke yake kwanza, bila brekeri, tukakanyaga pedali resi ikiwa juu.

Lita 228 kwa dakika.

Kibati cha brekeri kinasema mwisho 180. Tukarudisha brekeri, opareta akatafuta jiwe zuri, akapiga. Geji ya kupeleka ikawa inaruka mpaka 240. Geji ya kurudi, ambayo brekeri nyingi za saizi hii zinataka ibaki chini ya bar 10 hivi, ilikuwa inacheza kwenye 38. Nilifikiri nimesoma vibaya, nikasogea karibu. 38. Hozi ya kurudi ilikuwa inaruka ruka kama nyoka aliyekanyagwa mkia, na opareta akasema hiyo ni kawaida yake. Siyo kawaida, mzee wangu.

Piga hesabu uone. Lita kwa dakika mara bar, gawanya kwa 600, unapata kilowati. 228 mara 38 gawa 600 ni kilowati 14 na kitu. Yaani ni kama umechomeka pasi 14 za wati 1000 ndani ya tenki la oili na umeziacha zinawaka, na hiyo ni laini ya kurudi peke yake, sijahesabu joto la brekeri yenyewe. Ukichukua mashine ina lita 200 hivi za oili mle ndani na rejeta haipoozi, hizo pasi zinapandisha joto kama nyuzi 2 na nusu kila dakika. Masaa matatu mazima mpaka ilegee saa nne? Mi nilishangaa imefikaje hata huko.

Nikaenda nyuma ya bumu, chini kwenye fremu, kutafuta valvu ya kuchagua. Mashine nyingi zenye laini za ziada zina hii kitu, ni valvu ya njia tatu kwenye bomba la kurudi, inachagua oili irudi kupitia valvu kubwa au iende tenki moja kwa moja. Kwenye mashine nyingine inajigeuza yenyewe ukichagua modi ya brekeri kwenye monita, hii ilikuwa ya kugeuza na spana. Ilikuwa imefunikwa na tope la vumbi la kokoto na grisi, ukipita na macho unaona kama ni jiwe limekwama pale. Tukaosha na dizeli na brashi. Kwenye kichwa cha shafti kuna mstari umechongwa, huo mstari ndo unaonyesha njia ipi iko wazi. Ulikuwa umelala kuelekea valvu kubwa. Mkasi. Mashine ilikuwa bado inaamini iko Japani inatafuna majengo.

Spana ya 19, robo mzunguko. Kazi imeisha sekunde tatu, baada ya wiki tatu za lawama.

Tukapiga tena: kutoka 38 ikashuka 19. Opareta akasikia tofauti kabla hata sijamwambia, akatoa kichwa dirishani akasema mwanangu inapumua. Lakini 19 bado ni nyingi, na hapa ndo tukaingia kwenye monita. Kurasa zote Kijapani, hakuna mtu site amewahi kugusa zaidi ya ukurasa wa kwanza kwa kuogopa kuharibu, na wana haki ya kuogopa. Nikatoa simu, nikafungua ile programu inayotafsiri kupitia kamera, maneno mengine ikawa inatafsiri vichekesho vitupu lakini namba na mchoro vinajieleza: picha ya mkasi, mishale miwili, na mstari wa flo umejazwa mpaka juu. Tukatafuta picha ya brekeri, ina mshale mmoja, tukaichagua, tukashusha flo. Sikuamini kilichoandikwa kwenye monita, nikarudisha kipima flo, tukacheza nayo mpaka ikasoma lita 160 resi ikiwa pale pale opareta anapofanyia kazi. Katikati ya 120 na 180, siyo mwisho kabisa. Watu wanapenda mwisho kwa sababu brekeri inapiga haraka na inasikika kama inafanya kazi, kumbe pistoni inapita mbio zake na wewe unalipia boliti ndefu zikikatika.

Geji ya kurudi: 9. Angalia hapo, tumepunguza lita kama theluthi tu lakini presha ya kurudi imeshuka nusu nzima. Ukinzani wa bomba haupandi sawa sawa na flo, unapanda kwa mraba wake, kwa hiyo kila lita ya ziada unayoisukuma bure inakuumiza mara mbili.

Iliyobaki ni hozi. Fundi wa kwanza alipofunga, hozi ya kupeleka aliweka ya inchi 1, nzuri kabisa. Ya kurudi akaweka ya robo tatu, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo na vichwa vyake viliingia na adapta, na akilini mwake inayorudi haina kazi. Ni kinyume. Inayopeleka ina presha ya kuisukuma, inayorudi haina msaada, ndo inayotaka upana. Lita 160 kwenye hozi ya robo tatu oili inakimbia zaidi ya mita 9 kwa sekunde, ukiweka ya inchi 1 inashuka kwenye 5 hivi. Tukamtuma dogo Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea, na basi la mchana na hozi ya zamani kwenye kiroba kama kipimo cha urefu, nikamwandikia kwenye karatasi kila kitu mpaka nyuzi za vichwa, maana ukimtuma mtu Gerezani kwa mdomo anarudi na kitu kinachofanana. Kesho yake ilivyofungwa geji ikasoma 6. Hozi ikatulia, hairuki tena.

Sasa fundi wa pili. Huyu aliitwa mashine ikiwa inalegea, akasema nguvu imepungua, akaenda kwenye rilifu ya laini ya brekeri, ile valvu inayofunguka kuachia presha ikizidi, akaikaza. Nilijua kuna mtu amepita kwa sababu nati ya kufungia ilikuwa inang'aa meno mapya wakati kila kitu pembeni kimejaa vumbi la mwaka mzima. Kwa brekeri hii rilifu inatakiwa ikae juu kidogo ya presha ya kazi, mi niliilenga 210. Nilivyoipima ilikuwa inafunguka 280. Simlaumu sana, kwa sababu ukiikaza kweli unapata ahueni ya siku moja, inapiga kwa hasira, lakini umeondoa fyuzi ukaweka msumari. Sili za brekeri zilikuwa zimeshaanza kutema oili kwa chini, na hozi moja ilishawahi kupasuka siku chache kabla, ikamwagia oili injini nzima upande wa feni. Kumbukeni hiyo oili iliyomwagika, inarudi sasa hivi.

Maana hapa ndo mi mwenyewe niliingia choo cha kike. Jumanne mchana kurudi 6, flo 160, rilifu 210, kila kitu kinang'aa, nikamwambia bosi tayari. Nikanawa mikono kabisa. Tukakaa chini ya mti tunakula wali maharage huku brekeri inapiga, raha mustarehe, baada ya dakika 50 hivi nikaenda na kile kipima joto cha kuelekeza, nikaelekeza kwenye tenki. Nyuzi 88. Mashine iliyo sawa utaikuta kati ya 50 na 80, sana sana. Bosi ananiangalia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikarudi kwenye mashine bila kusema neno, nikafungua mlango wa pembeni, nikaangalia rejeta ya oili. Ile iliyokaa pamoja na rejeta ya maji, ukiangalia kwa nje unaona mapezi meupe safi, nikaingiza tochi nyuma yake: hakuna mwanga unaopita. Oili ya ile hozi iliyopasuka ilirushwa na feni ikaingia kwenye mapezi, vumbi la kokoto likaja juu yake, likapikwa, likawa ugali. Ningeiangalia Jumatatu asubuhi dakika mbili, lakini nilikuwa nimeshaipenda ile valvu ya njia tatu nikaona ndo adui pekee. Tukaipaka sabuni ya injini, tukaacha ilowe, tukaosha kwa maji ya presha ndogo, halafu kompresa kutoka ndani kwenda nje, kinyume na upepo wa feni, pole pole maana mapezi yakilala umeiua. Ilitoka uji mweusi ndoo nzima na zaidi. Jumatano tukapiga toka saa moja asubuhi, saa saba mchana jua la utosi tenki likasoma 69 na halikupanda tena.

Oili tulimwaga yote. Ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua, na filta ya kurudi tulipoikata na msumeno ilikuwa na vipande vya mpira mweusi, hizo ni sili za brekeri zilizokauka. Bosi akataka tuweke oili namba 68 badala ya 46, hoja yake ni kwamba nzito inavumilia joto. Nikamwambia hiyo 46 maana yake ni uzito wake kwenye nyuzi 40, ikifika 100 inabaki kama 7, na hiyo 68 ikifika 100 inabaki 8 na kitu tu, kwa hiyo huwezi kutibu joto kwa oili nzito, na asubuhi baridi unaitesa pampu. Kama kitabu cha mashine kinaruhusu 68 kwa joto la kwenu weka, cha hii kilisema 46, tukaweka 46. Kilichobadilika ni ratiba: mashine ya baketi oili inaweza kukaa masaa 5000, lakini ikiwa inavunja mawe kutwa vitabu vinakushusha mpaka kama masaa 600, na filta masaa 100. Bosi hakufurahi. Nikamwonyesha vile vipande vya mpira.

Brekeri ilipata sili mpya zote. Gesi ya naitrojeni ilikuwa imeshuka, tukapeleka ijazwe kwa kiwango cha kibati. Nasema hili kwa sababu site kulikuwa na mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji na mtu mmoja akauliza kwa nini tusijaze huo, gesi si gesi? Oksijeni ikikutana na oili chini ya presha inalipuka. Ni naitrojeni tu.

Mzee opareta nilikaa naye kabini saa nzima. Tabia yake ilikuwa nzuri isipokuwa vitu viwili, alikuwa anang'ang'ania sehemu moja dakika nzima mpaka jiwe linatoa moshi, wakati kama jiwe halijapasuka ndani ya sekunde 15 mpaka 30 unahama unatafuta pembeni karibu na ufa, na alikuwa anapaka grisi brekeri ikiwa imelala chini. Ikilala chiseli imeshuka, grisi inaingia pale pistoni inapopigia na pigo linalofuata linapasua sili. Isimamishe, ikandamize chiseli iingie ndani, ndo upake, kila masaa mawili. Akasema miaka yote hakuna aliyemwambia. Nikamwambia hata mi niliambiwa nikiwa nimeshaua sili za mtu.

Kabla sijaondoka dogo alipaka rangi nyekundu na nyeupe pembeni ya ile valvu, nyekundu ikielekea tenki imeandikwa NYUNDO, nyeupe ikielekea valvu kubwa imeandikwa MKASI, na karatasi ya plastiki kwenye kabini yenye picha za kurasa za monita na namba zote: 160, 210, kurudi chini ya 10. Bosi anasema mwezi ujao kuna tenda ya kubomoa ghala Dar na ameshapata mkasi wa kukodi. Mzee opareta alivyosikia neno mkasi akageuka akaangalia nyuma ya bumu, kwenye ile rangi, afu akaniangalia mimi. Nikamwambia nipigie siku wanayoufunga, na siku wanayoufungua.